Ngome Aliyoiacha Mzee Senzota

Kabla ya kupiga makofi, watu walimtazama kwanza Bi Namkunda.

Ndivyo walivyozoea siku hizi katika Ligi ya Milimani. Mchezo wa sataranji ukiisha, mshindi hashangiliwi mpaka msomaji wa tepe wanazovaa wachezaji kichwani anyanyue kitambaa cheupe, maana yake vichwa vyote viwili vimefanya kazi vyenyewe bila msaada. Bi Namkunda alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha pembeni, kioo cha kusomea tepe kikiwa mbele yake na kitambaa kikiwa mapajani. Hakukinyanyua.

Mezani, Mzee Senzota alikuwa amekwisha kumlaza mfalme wake. Watu wazima na akili zao walikuwa hawajawahi kumwona akifanya hivyo. Mbele yake alikaa Kalunde, msichana wa Bondeni, huko kwenye mashamba ya chumvi na vioo vya jua, ambaye alama zake hazikufika hata nusu ya alama za mzee. Alikuwa amevaa kofia ya sufu ya kijani iliyomshuka mpaka kwenye nyusi, na chini ya kofia ulionekana ukingo wa utepe wake wa shaba.

Kofia ile haikuwa yake. Bi Namkunda aliona asubuhi. Msichana aliingia ukumbini akitetemeka, kichwa kimenyolewa kipara, na ukungu wa Mlimbwa, mji ule wa Milimani, ulikuwa umeshuka hadi kwenye vizingiti vya milango. Mzee Senzota akaivua kofia yake, akaikung'uta, akampa.

"Vaa, mwanangu. Baridi ya huku haina adabu."

Wakati ule Bi Namkunda alilipenda jambo lile. Sasa aliliangalia upya, akachukia kwamba analiangalia upya.

"Mbona kitambaa hakipandi?" mtu aliuliza huko nyuma.

"Kitapandaje? Mtoto wa chumvi amfunge Senzota? Kuna waya mahali."

"Kanyoa nywele ili waya ukae vizuri."

"Wee, koma! Huoni mwenzio amefiwa?"

Maneno hayo ya mwisho yalisemwa kwa sauti ya chini, na waliokuwa wakiguna wakanyamaza kidogo. Tangu Mwaka wa Homa, mwaka uliozika watu mpaka majembe yakaisha makali, watu wa Milimani walishika desturi moja: aliyefiwa hashindwi. Mpaka arobaini ipite, muuzaji habishani naye bei, jirani hamjibu akigomba, hata watoto wakicheza kombolela humpita alipojificha wakajifanya hawakumwona. Na aliyefiwa hujulikana kwa kichwa kilichonyolewa.

Ligi peke yake ndiyo iliyoikataa desturi hiyo. Zamani wachezaji waliuza michezo, kisha wakajitetea kwamba walimhurumia mfiwa. Kwa hiyo sheria ikawekwa: mfiwa abaki nyumbani, ingawa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza aliyekwisha kufika, na atakayeuachia mchezo makusudi hatakaa tena mbele ya ubao maisha yake yote, na ushindi wa mwenzake utafutwa.

Bwana Mruma, mkuu wa nidhamu wa ligi, alikuja akainama sikioni mwa Bi Namkunda. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole.

"Dada, kuna nini?"

"Manjano," alisema Bi Namkunda.

"Ya nani?"

"Ya wote wawili. Kwa wakati mmoja."

Bwana Mruma akanyooka taratibu. Akawatangazia watu kwamba chai itapita, na jibu litatoka chai itakapomaliza kuzunguka.

*

Utepe hausomi mawazo kama watu wanavyouogopa. Haujui mtu anampenda nani wala anamwogopa nani. Unajua mambo mawili tu. Wazo likiingia kichwani kutoka nje, kioo huwaka wekundu. Na mchezaji akiuona ushindi, kisha ushindi ule usitokee mezani, kioo huwaka manjano, kwa sababu mwili wa mtu aliyeuona ushindi hushtuka hata uso ukitulia kama maji ya mtungi.

Wekundu haukuwapo. Hilo lilimpa Bi Namkunda nafuu kidogo. Lakini manjano yalikuwapo, tena mara moja tu, katikati ya mchezo, ilipokuwa zamu ya mzee. Mzee aliona kitu. Alikaa nacho muda mrefu. Kisha akasogeza askari mdogo wa pembeni, hatua isiyo na kichwa wala miguu. Na katika muda uleule, utepe wa msichana nao uliwaka.

"Vichwa viwili vinaona kitu kimoja, halafu mmoja anakiacha," alisema Bwana Mruma. "Hayo ni mapatano."

Walikuwa kwenye chumba cha nyuma, chenye magunia ya tangawizi iliyokaushwa, kwa sababu ukumbi ule siku za kawaida ulikuwa ghala. Kalunde alikuwa ameketishwa juu ya gunia. Bwana Mruma alimmiminia chai kwanza, akampulizia ipoe kabla ya kumkabidhi. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo kofia."

"Si yangu, baba. Ni ya babu."

"Najua. Ndiyo maana naitaka."

Akaishika kofia karibu na taa, akaibonyeza mshono kwa mshono. Hakuridhika. Akatoa wembe, akakata uzi kileleni, akaanza kuifumua. Uzi wa kijani ulimwagika miguuni pake mzunguko baada ya mzunguko, na yeye akiupitisha kati ya vidole viwili akitafuta ugumu wa waya. Kalunde alijifunika kichwa kwa viganja vyake, kama mtu aliyeingiliwa bafuni.

Bi Namkunda akavua mtandio wake, akamfunika.

Hakumlaumu Mruma moja kwa moja. Kila mtu Mlimbwa alijua kwamba katika ujana wake Mruma alishindwa fainali na mtu aliyekuwa na kinong'onezi, kidude cha kumtajia hatua, ndani ya jino. Jambo lile lilipogundulika, mshindi alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa kwa heshima. Tangu hapo Mruma hakuweza kuona kitu kizima bila kutaka kujua ndani yake kuna nini.

Kofia ikaisha. Chini palikuwa na lundo la sufu, basi.

"Hakuna kitu," alisema, na ilionekana kama jambo hilo limemuuma. "Nenda kamuulize mzee. Wewe atakwambia."

*

Mzee Senzota alikuwa kwenye baraza, akitazama vijana wakikunja nyavu za kukingia ukungu na kukamulia maji yake kwenye mapipa. Bila kofia alionekana mdogo.

"Umeona," alisema kabla hajaulizwa.

"Nimeona manjano, kaka. Sijaona sababu."

"Nilikuwa na ngome kwenye mstari wake. Ningemtolea sadaka. Mfalme wake angeichukua, malkia wangu angeingia, farasi angefunga mlango. Mchezo umekwisha."

"Na ukaacha."

"Nikamtazama kichwa." Akasugua magoti. "Namkunda, mke wangu alipofariki, nilikwenda kucheza kabla ya arobaini. Nilikuwa mbishi, nilisema nyumba imenishinda kukaa. Mpinzani wangu aliniachia mchezo. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Sijui mpaka leo kama alinidharau ama alinipenda. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nikapika, nikala. Sikuwa nimekula chakula cha moto tangu maziko."

Bi Namkunda alimkumbuka Senzota wa siku zile, koti likimning'inia.

"Sheria unaijua."

"Naijua. Nifutwe mimi. Ila msichana asiambiwe. Mtu aliyefiwa usimwambie kwamba ushindi wake alipewa. Kitambaa chako kimoja tu kikipanda, mambo yamekwisha."

"Unaniomba niseme uongo."

"Nakuomba unyanyue mkono."

Lo, jinsi lilivyokuwa jambo jepesi! Kitambaa kisingezidi uzito wa jani. Lakini watu wale wote ukumbini walimwamini kwa sababu mkono wake haukuwahi kupanda kwa huruma. Ukipanda leo kwa huruma ya kweli, kesho utapanda kwa huruma ya kununuliwa, na hakuna atakayeona tofauti. Na usipopanda, msichana aliyesafiri kutoka Bondeni kwa nguvu zake atarudi ameitwa mwizi.

Bado kulikuwa na jambo lililomkera zaidi. Utepe wa msichana uliwaka kwa nini? Kama mzee alimhurumia tu, yeye alijuaje?

*

Alirudi kwenye chumba cha magunia, akamwomba Bwana Mruma awapishe. Mruma alitoka nje, lakini viatu vyake havikwenda mbali.

"Pole, mjukuu wangu," alisema Bi Namkunda. "Nani amefariki?"

Kalunde alimtazama. "Amefariki nani, bibi?"

"Kwenu."

"Kwetu hajafa mtu." Akashika ukingo wa gunia. "Kuna habari imekuja? Mama?"

"La, la, hakuna habari. Nauliza kwa sababu ya kichwa."

Msichana akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Mungu wangu, bibi, umeniua. Kichwa ni utepe huu. Shule yetu ina tepe za zamani, hazishiki juu ya nywele. Mwalimu alisema ama unyoe ama usiende."

Bi Namkunda aliugusa utepe ule. Ni kweli, ulikuwa wa shaba nene, wa kizazi cha kwanza, wa aina ambayo Milimani sasa ilifungia milango ya mabanda ya kuku. Lakini shaka ikiingia haitoki upesi. Binti mwerevu angeweza kuijua desturi, akanyoa, akaja kuvuna huruma za watu.

"Hukujua kwamba huku anayenyoa ni mfiwa?"

"Ningejuaje? Tangu nishuke garini, kila mtu 'pole, pole sana.' Nikasema, watu wa huku wana huruma na wasafiri jamani! Mama wa uji akakataa hela yangu. Akanikumbatia. Nikamwambia mbona safari ilikuwa nzuri tu, akazidi kulia."

Nje ya mlango, Bwana Mruma alikohoa. Kile kikohozi kilifanana sana na kicheko.

Bi Namkunda naye alijizuia. Mtu anaweza kutunga uongo, aliwaza, ila hawezi kumtunga mama wa uji. Akamshika msichana mkono, akamweleza yote: desturi, sheria, manjano. Alipofika kwenye ngome, alisema polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba.

"Mzee alikuwa amekufunga. Akakuachia kwa sababu ya kichwa chako."

Kalunde hakulia. Uso wake ulikunjamana kwanza, kisha ukafunguka, kisha ukakasirika.

"Ngome ipi? Ile aliyotaka kunitolea pale mbele ya mfalme?"

"Uliiona?"

"Niliiona, ndiyo! Niliisubiri mpaka vidole vikafa ganzi! Nilikuwa naomba, babu, iweke, babu, iweke. Yeye akasogeza kaaskari. Nilikaribia kulia." Akasimama, mtandio ukamwanguka. "Bibi, mwambie aje. Turudishe kete pale pale. Aiweke."

*

Sheria ya ligi ilimruhusu msomaji kurudisha ubao penye manjano kabla hajatoa jibu, ingawa hakuna aliyeitumia kwa miaka mingi. Kioo kiliaminika kuliko mbao. Bi Namkunda aliwatangazia watu ukweli wote bila kuupunguza, na alipotaja huruma ya Mzee Senzota, baadhi walitikisa kichwa kwa masikitiko na baadhi kwa hasira. Mzee alimtazama mara moja tu. Jicho lile lilisema: nilikuomba kitu kimoja.

"Kwanza, hajafiwa," Bi Namkunda alimwambia mbele ya wote. "Ni utepe wao mbovu."

Mzee akaugeukia utepe wa shaba. Mdomo ulimfunguka.

Kete zikarudishwa zilipokuwa. Ukumbi ukatulia hata maji ya nyavu yakasikika yakidondoka kwenye mapipa.

"Cheza ulichokiona, babu," alisema Kalunde. "Shikamoo, lakini cheza."

"Marahaba," alisema mzee. Akainyanyua ngome yake, akaichukua nayo kete iliyomkinga mfalme wa msichana, akaiweka pale ikiwa imejianika, inangoja kuliwa. Ilikuwa sadaka nzuri. Mtu nyuma alitoa mluzi.

Mfalme angeichukua. Malkia angeingia. Farasi angefunga mlango. Hata Bi Namkunda, ambaye hakuwa mchezaji hodari, aliuona mwendo wote ukiwa wazi kama njia ya kwenda kisimani.

Kalunde hakuichukua ngome. Alimsogeza mfalme wake hatua moja, akamtia konani.

Ni hivyo tu.

Mzee Senzota akanyoosha mkono kwa malkia, kisha mkono ukasimama hewani. Njia ya malkia ilikuwa imezibwa na farasi wake mwenyewe. Ili farasi aondoke, angehitaji zamu moja. Na zamu itakayofuata hiyo ilikuwa ya msichana, ambaye askofu wake alikuwa amekaa kimya upande wa pili tangu asubuhi, akimtazama mfalme wa mzee kutoka mbali. Mzee aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaucheza mchezo mpaka mwisho, kwa heshima, na haukuwa mrefu.

Kwa mara ya pili siku ile alimlaza mfalme wake. Safari hii alimlaza taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Sikukuachia kitu," alisema. "Hakukuwa na kitu."

"Hakukuwa, babu."

"Nani alikufundisha kutoichukua?"

Kalunde akaona haya. "Mtu mkubwa kama wewe akinipa ngome bure, mimi naanza kumwogopa."

Watu wakacheka, na Mzee Senzota alicheka kuliko wote, ingawa macho yake yalikuwa na maji.

Lakini Bwana Mruma hakucheka. Alisimama kando ya Bi Namkunda, akauliza kwa sauti ya upole ileile: "Ushindi wa binti nimeuona. Je, mzee? Alikusudia kuachia."

"Alikusudia," alisema Bi Namkunda.

"Sheria inasema atakayeuachia mchezo makusudi."

"Ameachia mchezo upi? Kioo kilituonyesha alichokiona yeye. Hakikutuambia kama kipo. Wewe na mimi ndio tuliojaza pengo, kwa sababu ya jina lake. Tukaona Senzota hawezi kukosea, na mtoto wa chumvi hawezi kuona."

Mruma alitazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na nyuzinyuzi za kijani.

"Msimu mmoja," alisema mwishowe. "Kwa ile nia. Asikae mbele ya ubao msimu mmoja, kisha arudi."

Bi Namkunda alitaka kubisha. Alimwangalia Mzee Senzota, na mzee akainamisha kichwa kwamba amekubali, bila chuki. Si haki kamili, aliwaza. Lakini Mruma alipoingia pale mlangoni asubuhi, mfukoni mwake hamkuwamo adhabu ya msimu mmoja, ila ya maisha tu.

Akanyanyua kitambaa.

*

Watu walipokwisha kutawanyika, alimkuta Mruma kwenye chumba cha magunia, amesimama juu ya lile lundo la sufu kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

"Mke wake ndiye aliyeifuma," alisema Mruma. "Nimeambiwa sasa hivi. Nimeifumua kofia ya marehemu, dada."

"Kaa hapo. Nyoosha mikono."

"Kufanya nini?"

"Nyoosha tu."

Akakaa juu ya gunia, akanyoosha mikono yake mirefu mbele, viganja vikitazamana. Bi Namkunda akatafuta ncha ya uzi, akaanza kuuzungusha kwenye mikono ile, mzunguko baada ya mzunguko, akifungua vifundo kwa kucha. Uzi ulikuwa bado na mikunjo ya mkono wa aliyeufuma. Kalunde aliingia na mtandio kichwani kuaga. Akamwona mkuu wa nidhamu amefungwa mikono kwa sufu ya kijani, akasita mlangoni.

"Njoo, mjukuu wangu," alisema Bi Namkunda. "Nipe kichwa chako nikipime. Mzee amesema kofia nitakayoifuma upya ni yako, na ile ya kwanza ilikuwa inakufunika macho."

Kalunde akapiga magoti, akavua mtandio.

"Usiikaze sana, bibi," alisema. "Nywele zitaota."